Laptopu ya mwanafunzi wa chuo anayecheza gemu: ipi itangulie, ipi iachwe

Mashine hii ina mabwana wawili. Mchana inatakiwa iwe nyepesi, isipige kelele maktabani, na betri ivuke vipindi vitatu bila mtu kuhangaika kutafuta soketi. Usiku inatakiwa itumie umeme mwingi na kupuliza joto kwa nguvu. Kila laptopu hupunguza upande mmoja ili kuongeza mwingine, kwa hiyo kabla ya kutazama tangazo lolote andika mambo mawili kwenye karatasi: gemu zinazochezwa kweli kila wiki, na programu ambazo kozi inazidai.

Orodha hiyo fupi huokoa pesa nyingi. Anayecheza Valorant, League of Legends, Dota 2 au Minecraft hahitaji kadi kubwa ya picha. Anayecheza Cyberpunk 2077 na gemu nzito za aina hiyo anaihitaji. Upande wa masomo, SolidWorks na Revit hutengenezwa kwa ajili ya Windows tu, hivyo mwanafunzi wa uhandisi au usanifu majengo asinunue Mac kwa kufuata rafiki. Anayesomea programu za kompyuta na kuendesha mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta) atamaliza RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, kabla ya kumaliza nguvu ya prosesa.

Jina la kadi halitoshi, uliza wati

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. RTX 4060 ya laptopu, kadi ya picha ya Nvidia, huruhusiwa kufungwa kwa wati 35 hadi 115, na anayeamua ni mtengenezaji wa laptopu. Kibandiko juu ya kibodi ni kilekile. Katika mwili mwembamba wenye feni ndogo, kadi hiyo inaweza kupewa wati 60 tu, na RTX 4050 iliyolishwa vizuri ikaikaribia sana kwa bei ndogo zaidi. Tafuta herufi TGP au MGP (kiwango cha juu cha wati za kadi) kwenye ukurasa wa vipimo wa mtengenezaji, mara nyingi ziko chini kabisa kwa maandishi madogo. Muuzaji akishindwa kuitaja namba hiyo, chukua namba kamili ya modeli uitafute mwenyewe. Kwa 4050 na 4060, wati 90 hadi 100 zinatosha. Ukipita hapo, faida hupungua na joto huongezeka.

Jambo la pili ni kumbukumbu ya kadi yenyewe. RTX 4050 ina GB 6. RTX 4060, 5050 na 5060 zina GB 8. Kumbukumbu hiyo ikijaa, wastani wa fremu kwa sekunde unaweza kubaki mzuri huku gemu ikikwamakwama kila unapogeuka, kwa sababu picha zinavutwa kutoka RAM ya kawaida iliyo mbali na polepole. Dawa yake ni kushusha ubora wa tekscha (picha zinazofunika vitu ndani ya gemu), lakini ni heri kuanza na GB 8 kama bajeti inaruhusu. Ajabu ni kwamba RTX 4070 ya laptopu nayo ina GB 8 zilezile, na ndiyo maana hatuipendekezi kwa mwanafunzi: nyongeza ya bei ni kubwa kuliko nyongeza ya kazi.

Prosesa haihitaji maneno mengi. Herufi H au HS mwishoni inaashiria prosesa ya nguvu, U ni ya kubana umeme. Mtego uko kwenye Ryzen, prosesa za AMD, za mfululizo wa 7000: tarakimu ya tatu ndiyo inayosema kizazi cha ndani. Ryzen 5 7520U ina 2 hapo, maana yake ni muundo wa Zen 2, wa zamani, japo jina linaanza na 7. Ryzen 7 7840HS ina 4, nayo ni Zen 4 halisi.

RAM: kijiti kimoja ni hasara

Fungua kifuniko cha chini cha laptopu nyingi za bei ya kati utakuta hivi: sloti mbili za RAM zimelala pamoja, moja imebeba kijiti cha GB 8 au 16, nyingine tupu, vibano vyake viwili vya chuma vikisubiri. Kijiti kimoja kinaipa prosesa njia moja tu ya kuvuta data. Kwenye laptopu isiyo na kadi ya picha ya pekee hasara ni kubwa sana, kwa sababu picha zote zinategemea RAM hiyohiyo.

Kuongeza kijiti ni kazi ya dakika 15. Hakikisha kwanza kama ni DDR4 au DDR5 (vizazi viwili vya RAM), maana pengo la katikati haliko mahali pamoja na kijiti kisicho chake hakiingii. Zima mashine kabisa, toa chaja, fungua skrubu, kisha chomoa waya wa betri kwenye ubao. Ingiza kijiti kwa mshazari wa nyuzi kama 30, sukuma hadi mstari wa dhahabu uzame, kisha kibonyeze chini hadi vibano vilie. Ukiwasha mara ya kwanza, hasa kwa DDR5, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika moja au hata kadhaa mashine ikijipima RAM mpya. Wengi huogopa na kuizima hapo. Iache imalize.

Baadhi ya laptopu nyembamba zina RAM iliyochomelewa. Hizo nunua na kiasi utakachohitaji hadi mwaka wa mwisho, kwa sababu hakuna kuongeza. GB 16 ndiyo sakafu.

Nafasi ya kwanza: laptopu ya gemu ya kati, inchi 15 au 16

Kwa walio wengi hii ndiyo ya kununua: RTX 4060 au 5060, RAM GB 16 katika vijiti viwili, SSD ya NVMe (hifadhi ya kasi) ya GB 512 pamoja na sloti ya pili ya M.2 ya kuongezea SSD nyingine, uzito usiozidi kilo 2.4. Familia za kuangalia ni Lenovo LOQ na Legion 5, Asus TUF Gaming, HP Victus na Acer Nitro. Lakini jina la familia lisikutoshe. Chini ya jina moja zinauzwa mashine zenye kadi tofauti, skrini tofauti na betri tofauti, kwa hiyo linganisha namba kamili ya modeli, herufi kwa herufi.

Skrini ndiyo sehemu inayobaniwa kimyakimya. Ukiona "45% NTSC", kipimo cha wingi wa rangi, ujue rangi zimefifia, na anayesomea ubunifu wa picha ataumia. Tafuta 100% sRGB (kipimo kingine cha rangi), mwanga wa niti 300 au zaidi, na uwiano wa 16:10 unaokupa mistari zaidi ya maandishi. Hz 144, yaani skrini kujichora upya mara 144 kwa sekunde, zinatosha.

Betri ihesabu kwa saa-wati (Wh), usihesabu kwa ahadi ya "saa 10". Gawa Wh kwa wati zinazoliwa. Mashine ya Wh 60 inayokula wati 8 kwenye kuandika na kusoma hukaa saa saba na nusu. Kadi ya picha ikibaki macho bila sababu, ulaji unaweza kufika wati 20, nazo ni saa tatu tu. Kinachoiamsha kwa kawaida ni skrini ya nje iliyochomekwa HDMI, mpangilio wa MUX (swichi inayochagua kadi ipi iendeshe skrini) ulioachwa kwenye kadi kubwa pekee baada ya gemu ya jana usiku, au programu moja iliyong'ang'ania kadi nyuma ya pazia. Kabla ya kwenda darasani rudisha hali ya mseto (kadi kubwa ilale isipohitajika), shusha skrini hadi Hz 60, na uhakikishe chaji inasimama kwenye 80% siku ambazo mashine inashinda kwenye umeme. Programu ya mtengenezaji huwa na kitufe cha hilo, na betri iliyozuiwa hivyo huchakaa polepole zaidi kuliko ile inayoshinda kwenye 100%.

Chaja nayo ni mzigo. Tofali la wati 230 likiingia kwenye begi utalihisi begani. Tafuta modeli inayokubali chaji kwa USB-C: chaja ndogo ya wati 65 au 100 inatosha kwa vipindi, ile kubwa ibaki chumbani. Usijaribu kucheza gemu nzito kwa chaja ndogo, kwani betri itashuka huku imechomekwa. Na bila chaja kabisa usitarajie kasi ileile, maana betri haiwezi kutoa wati zote ambazo kadi inaziomba.

Nafasi ya pili: nyembamba, picha ndani ya prosesa

Kwa anayecheza gemu nyepesi, hii inaweza kuwa chaguo bora kuliko ya kwanza. Tafuta Radeon 780M (iko kwenye Ryzen 7 7840HS na 8845HS), Radeon 890M, au Intel Arc 140V. Uzito hukaa karibu na kilo 1.3 hadi 1.5, feni zinanong'ona, na chaja ni ya USB-C. Kadi ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya mfumo, hivyo GB 16 zinagawanywa kati ya Windows, gemu na picha. GB 32 zina maana hapa kuliko prosesa ya juu zaidi. Gemu nzito zitaendeshwa kwa 720p au mipangilio ya chini, na hilo likubalike kabla ya kulipa.

Wenye intaneti imara wanaweza kuongezea gemu za wingu, zinazoendeshwa kwenye kompyuta za mbali na kuletwa kwako kama video. GeForce NOW, huduma ya Nvidia ya aina hiyo, inataka Mbps 15 kwa 720p na 25 kwa 1080p, zote kwa fremu 60. Wi-Fi ya bweni yenye watu wengi inaweza kuonyesha kasi hiyo asubuhi na kuipoteza saa mbili usiku, basi ipime saa unayocheza.

Nafasi ya tatu: laptopu ya gemu ya inchi 14

Kundi hili linaongozwa na Asus ROG Zephyrus G14, ambayo toleo la 2024 lina uzito wa kilo 1.5 na betri ya Wh 73. Inabebeka kama daftari nene na inacheza karibu kila kitu. Imeshuka hadi hapa kwa sababu ya bei na kwa sababu RAM yake imechomelewa. Mwili mdogo pia hupata moto kwenye kibodi na feni hulia juu. Kama pesa si kikwazo, ipandishe hadi ya kwanza.

Nafasi ya nne: iliyotumika

Laptopu yenye RTX 3060 ya GB 6 bado inafanya kazi nzuri kama imetunzwa. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usikubali mashine isiyoruhusiwa kwenda Windows 11. Mbele ya muuzaji fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti inayotengenezwa, kisha linganisha uwezo wa awali na uwezo uliobaki: chini ya 70% weka bei ya betri mpya kwenye mapatano. Fungua na kufunga skrini taratibu ukitazama kona za bawaba, kwani plastiki ikianza kuachana hapo ufa utaendelea. Hakikisha chaja ni ya wati zilezile za asili. Mwombe muuzaji airudishe Windows upya huku imeunganishwa na intaneti. Ukurasa wa mwanzo ukitaja jina la kampuni au taasisi, mashine bado imefungwa na mwenye mali, achana nayo.

Za kuacha

Laptopu mpya inayotangazwa kuwa ya gemu huku ina RTX 2050 au RTX 3050 ya GB 4: kumbukumbu hiyo imeshapitwa, na kadi nzuri ya ndani ya prosesa inakupa betri bora zaidi. Inchi 17 na 18 ni nzuri mezani, lakini baada ya wiki mbili za kubebwa itaanza kuachwa chumbani. Chromebook na laptopu za Windows zenye prosesa ya Snapdragon ziache kama gemu ni sehemu ya maisha, kwa sababu gemu nyingi za mtandaoni zina kinga ya udanganyifu inayokaa ndani kabisa ya mfumo, na kinga hizo mara nyingi hazikubali mifumo hiyo. MacBook Air ni mashine nzuri sana ya kusomea, ila Valorant haichezeki humo.

Siku za kurudisha bidhaa zitumie

Usibandue vibandiko vyote siku ya kwanza. Fungua picha nyeupe kisha nyeusi, ujaze skrini nzima, tafuta nukta zilizokufa na mwanga unaovuja kingoni. Weka HWiNFO (programu ya kusoma joto na wati), cheza gemu nzito dakika 30 chaja ikiwa imechomekwa na sehemu ya nyuma imeinuliwa kama sentimita mbili, kisha soma wati za kadi. Prosesa kufika nyuzi 90 ni jambo la kawaida kwenye laptopu za gemu. Kinachotakiwa kukushtua ni wati za kadi kuanza 100 na baada ya dakika kumi kubaki 60: hapo feni haiwezi, au pasta ya kupitisha joto (thermal paste) haikupakwa vizuri, na mashine inapaswa kurudi dukani siku hiyohiyo ikiwa na boksi na risiti yake.