Hema juu ya paa au Hiace yenye kitanda: ziwani na mbwa msimu wa mvua

Kati ya Machi na Mei fukwe za Ziwa Victoria huwa kimya, na kwa mbwa hakuna wakati mzuri zaidi. Swali ni gari gani liwapeleke Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese nchini Uganda.

Kwa gharama, Hiace inashinda: spea zipo kila mji, na fundi wa Masaka anaijua kama kiganja chake. Land Cruiser yenye hema juu ya paa inakula mafuta zaidi.

Ukishuka kivuko cha Bukakata pale Luku, upande wa kisiwani, hesabu inageuka. Udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni, na Hiace isiyovuta magurudumu yote inaweza kulala hapo mpaka jua litoke.

Usiku ndipo penye uzito kwangu. Mbwa wa kilo 30 hapandi ngazi ya hema. Nimewahi kumbeba wangu begani mvua ikinyesha, kucha zake zikinichana shingo. Ndani ya Hiace analala miguuni pako, mlango umefungwa, mbali na mamba wa ufukweni. Ila harufu ya manyoya mabichi haitoki kwenye godoro upesi. Hema nalo lisipoanikwa siku hiyohiyo huota ukungu.

Mbwa mzee, au barabara ya lami hadi Masaka na Entebbe? Chukua Hiace. Mbwa mwepesi kubeba na njia za matope? Land Cruiser. Lakini hifadhi za taifa haziruhusu mbwa, gari lolote uendalo nalo.