Treni ya Mombasa–Nairobi: nauli yafaa, lakini tiketi nunua mwenyewe

Daraja la kawaida ni shilingi 1,500, la kwanza 4,500. Treni ilipoanza mwaka 2017 tulilipa 700, ikaja 1,000, na tangu Januari 2024 ndiyo hiyo 1,500. Imepanda sana, na bado nasema yafaa.

Mimi hufuata nguo za watoto Eastleigh, Nairobi, na njia hii naijua kwa basi na kwa reli. Basi la usiku hunishusha miguu imevimba, na ile foleni ya malori ya Mariakani humaliza mtu. Treni inazimaliza kilomita 472 kwa saa tano na kitu, na Tsavo unaiona kwa raha zako: ndovu wekundu kwa vumbi, karibu kabisa na tuta la reli.

Viti vya kawaida ndivyo vya kufikiria. Watatu upande huu, wawili ule, mnatazamana, na mgongo wa kiti haulali. Ukiangukia cha katikati kwenye vile vitatu, mtagusana magoti na usiyemjua hadi Syokimau, kituo cha Nairobi. Mwenye maumivu ya mgongo aongeze pesa kama anazo.

Pale Miritini, kituo cha Mombasa, mizigo hupangwa chini kwa safu, watu wakasimama kando, mbwa wakapita wakinusa begi moja moja. Kisha mashine, kisha kitambulisho kulinganishwa na jina lililo kwenye tiketi. Fika mapema.

Hapo kwenye tiketi na jina lake ndipo nataka kusema. Novemba 2018 maafisa wa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, waliwakamata wafanyakazi wa kituo hichohicho, Wakenya na Wachina, kwa tuhuma za udanganyifu katika pesa za tiketi. Habari ile iliniuma. Reli hii imejengwa kwa mkopo wa China, na sisi tunaouza bidhaa za nje tunaubeba ushuru wa reli ndani ya bei ya kila robota. Aliyekabidhiwa kompyuta ya tiketi amekabidhiwa jasho la watu. Akichota, pengo litazibwa na abiria, kwa nauli.

Wahudumu wa mabehewa sina neno nao. Nimemwona binti mmoja akimshika mkono bibi wa watu, akampeleka msalani, akamngoja mlangoni, akamrudisha hadi kitini huku behewa likiyumba.

Kwa hivyo kata tiketi kwa simu yako, *639#, ulipe kwa M-Pesa, kwa jina na nambari yako ya kitambulisho. Kijana wa nje anayekwambia treni imejaa ila yeye anayo moja, mpite. Na msafiri wa Miasenyi, Kibwezi au Emali achukue ya asubuhi, ndiyo inayosimama vituo vya njiani.