Uzoefu wangu: avoka (wakili) aliyempa mdogo wangu kisu mbele ya mahakimu

Jina la kabine, yaani ofisi ya mawakili, silitaji, msinisumbue kwa ujumbe. Wako katikati ya Lubumbashi, ngazi za marumaru, sekretari mwenye kucha ndefu, kiyoyozi kinavuma hata kartie nzima ikiwa gizani. Ukiingia pale unajiambia hapa mtoto wetu amepona. Nasi tulijiambia hivyo, tukatoa dola 500 za kwanza mezani, hela ya mchango wa ukoo, na bosi mwenyewe akazihesabu bila kututazama usoni.

Mdogo wangu alikuwa anakusanya nauli kwenye taksi-basi zinazotoka komine ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwenda mjini. Aligombana na mwenzake juu ya abiria, akamsukuma, yule kijana akaanguka chali na kisogo kikagonga ukingo wa mtaro. Alifia hospitali kesho yake. Mama yake tunamfahamu, anakaa mtaa wa nyuma yetu, na hakuna mtu nyumbani anayesema mtoto wake hakufa. Tunachosema ni kwamba alisukumwa. Hakukuwa na fimbo, chupa wala chuma.

Parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, ikaandika mauaji ya kukusudia. Hapo ndipo usingizi ulipotuhama, kwa sababu vifungu vya 44 na 45 vya sheria ya jinai ya Kongo vinafika hadi adhabu ya kifo, na kila mwenye redio anajua kwamba Machi 2024 serikali ilifuta ule usitishaji wa kutekeleza adhabu hiyo uliokuwapo tangu 2003. Ni kweli, waraka ule ulilenga wanajeshi wasaliti na majambazi wa mijini wanaoua. Nenda wewe ukamweleze mama tofauti hiyo. Alikuwa anabeba bukari, ugali wetu, kwenda gereza la Kasapa na yeye mwenyewe hali.

Kazi ya avoka katika dosie (faili la kesi) kama hii ni moja tu, na hata mimi niliyeishia sekondari niliielewa baada ya kuelezwa: kuitoa kesi kwenye 44 na kuiingiza kwenye kifungu cha 48, yaani pigo lililoleta kifo bila nia ya kuua. Huko adhabu ni miaka 5 hadi 20. Mizito, sikatai, lakini mtu anatoka akiwa hai.

Basi siku ya kesi ikafika. Ilishaahirishwa na kuahirishwa, mara nyingine kwa sababu bosi alikuwa "Kolwezi kwa dosie kubwa ya migodi". Siku hiyo alikuja. Toge, lile joho lao la mahakamani, imepigwa pasi, viatu vinametameta, akasimama, akafungua karatasi zake, akaanza kusoma kwa Kifaransa kizuri ajabu. Mimi nilikuwa nimekaa na mama upande wa familia, namtafsiria kidogo kidogo sikioni. Heshima ya mahakama, mteja wangu kijana wa familia ya wacha Mungu, na kadhalika. Halafu akasema mteja wake alichukua kisu cha jikoni kwa ajili ya kujilinda tu.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea. Kisu kile hakikuwa kikubwa. Jeraha la tumboni halikuwa la mtu aliyepanga kuua. Na kwa hiyo bwana... akataja jina, jina kamili, na halikuwa jina la mdogo wangu.

Watu wakaguna. Mwendesha mashtaka, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekunja uso, akainua kichwa na kutabasamu. Mnaelewa? Yeye mwenyewe hakuwa amesema neno kisu hata mara moja! Miezi yote ile parke haikumpa mdogo wangu silaha. Silaha kapewa na avoka tuliyemlipa sisi. Mdogo wangu pale mbele akageuka akanitafuta kwa macho. Mama akaniuliza, "Mbona wanaguna? Amesema nini?" Nikamwambia amesema vizuri. Ningemwambia nini kingine?

Karatasi ilikuwa ya mteja mwingine. Alichukua utetezi wa zamani, akabadilisha jina ukurasa wa kwanza, akachoka.

Baadaye kwenye ukumbi wa nje nikamfuata. Nikasema kwa adabu kabisa, Maître, samahani, kile kisu kimetoka wapi? Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwa. "Mama, wewe umesomea sheria? Hoja ni zile zile." Halafu, bila hata kupumua, akaniomba ya mafuta ya gari, kwa kuwa amejitolea kufika yeye mwenyewe. Mama akaanza kufungua fundo la kitenge chake. Nilimshika mkono.

Ingekuwa mwisho ni hapo, ningewaambia pitieni mbali na jengo lile, hata vivuli vyenu visiliguse. Ila kuna jambo linaniharibia hasira yangu.

Pembeni ya bosi alikuwepo avoka mdogo, stajieri, yaani bado yuko mafunzoni, msichana mwembamba wa miwani ambaye muda wote alikuwa anambebea mkoba. Bosi alipokaa, huyu akamnong'oneza. Bosi akapunga mkono kama anafukuza nzi. Msichana akasimama hivyo hivyo akaomba kusema. Sauti ilikuwa inatetemeka mwanzoni. Akaomba radhi kwa "mchanganyiko wa karatasi", akasema dosie hii haina kisu, akaomba mahakama ifungue ripoti ya daktari: jeraha moja, nyuma ya kichwa, hakuna jingine mwili mzima. Kisha maelezo ya yule muuza karanga wa kituoni, aliyesema mdogo wangu ndiye aliyempakata mwenzake na kuita watu wasaidie. Nani hukusudia kuua halafu akaita watu? Akakitaja kifungu cha 48 na kukaa. Dakika chache tu, labda tano.

Nikakumbuka kwamba ni yeye pia aliyefika kule kasho (mahabusu) ya polisi mwanzoni kabisa. Bosi alikuwa ametuambia kwenye simu kwamba avoka hana kazi kabla parke haijamaliza yake. Si kweli. Katiba ya 2006, kifungu cha 19, inampa mtu haki ya kuwa na mtetezi hata polisi wanapomhoji, na cha 18 kinasema polisi wasimshikilie zaidi ya saa 48. Hayo tuliyajua kwa msichana huyo, alituandikia nyuma ya bahasha, mimi ninayo hadi leo. Na akatuambia polepole, bosi asisikie, kwamba asiye na uwezo anaweza kwenda kwa ofisi ya ushauri wa bure ya chama cha mawakili akapangiwa wa pro deo. Shangazi akacheka, akasema avoka wa bure atatetea bure. Haya, wa dola 500 tumemwona.

Hukumu ilitoka: kifungu cha 48, miaka 8. Sasa mtu ataniambia, si mmeshinda, unalalamika nini? Ndiyo, tumeshinda, nililia mbele za watu. Kwa hiyo nyota tatu? Nilitaka kuandika tatu. Nimeanza hata kuwaza kwamba labda bosi ana kazi nyingi, labda sekretari ndiye aliyechapisha karatasi isiyo yake. Halafu nikakumbuka alivyotupigia simu jioni ile ile: "Mmeona kazi yangu?" Kazi yake! Na stakabadhi ya hela zetu hajatoa hadi leo, kila tukiuliza ni "sekretari ametoka".

Nyota moja. Msichana nampa zote tano, lakini haajiriwi peke yake, ukimtaka yeye unapita kwa bosi, na ukipita kwa bosi unalipa bosi.

Tumekata rufaa, maana miaka 8 bado ni mingi kwa kumsukuma mtu. Muda wa kukata ni siku 10 tu tangu hukumu isomwe, na msichana ndiye aliyekimbia kuiandikisha wakati bosi anadai kwanza "ya kufungua dosie mpya". Nimemjibu atutumie maandishi ya utetezi kwanza tuyasome nyumbani, ukurasa kwa ukurasa, ndipo tuzungumze hela. Amesoma ujumbe, alama za bluu zimetokea. Hajajibu.