Kofia ngumu zaidi ndiyo iliyong'oka: miaka tisa na magego yangu mawili

Nina magego mawili yaliyovikwa kofia za seramiki zilizochongwa kwa kompyuta. La chini kushoto limetimiza miaka tisa, la juu kulia linaelekea wa sita. Kila anayefikiria kuweka kofia huuliza kama zinadumu, na mara nyingi hujibiwa kwa jina la nyenzo tu: weka zirkonia, seramiki ngumu kuliko zote, ile haivunjiki. Nami nilifuata ushauri huo kwa jino la pili. Ni kweli haikuvunjika. Ilining'oka ikiwa nzima, baada ya mwaka mmoja na miezi minne.

Nianze na la kwanza. Gego lile lilikuwa limezibwa mara mbili, kisha ukuta wa upande wa ulimi ukamegeka. Daktari alilichonga pande zote likabaki kisiki, akapitisha kamera ndogo kinywani, na picha ya jino ikajijenga kwenye skrini kipande baada ya kipande. Hapakuwa na ile trei iliyojaa utomvu mzito unaokutia kichefuchefu. Akaigeuza picha, akanionyesha mstari ambapo kofia ingekutana na jino, chini karibu na ufizi. Alikaa kwenye mstari ule muda mrefu, akaukuza, akarudia kupiga picha sehemu moja aliyosema damu ya ufizi imeificha. Wakati ule niliona anajichelewesha.

Kisha akatoa kijitofali cha seramiki, ukubwa wa ncha ya kidole gumba, rangi ya samawati iliyokaribia zambarau. Nikashtuka, nikadhani ndiyo rangi nitakayotembea nayo. Mashine ikaanza kukichonga kwa vichongeo vya almasi huku maji yakimwagika, na baada ya dakika kumi na kitu gego la samawati likawa kiganjani mwa daktari. Akalijaribisha mdomoni, akalisafisha, akalitia kwenye tanuri dogo la joto la nyuzi 840 hivi. Lilipotoka lilikuwa na rangi ya jino. Alinieleza kwamba nyenzo ile ni lithiamu disilikati, seramiki yenye kioo ndani yake. Ikiwa ya samawati nguvu yake ni megapaskali 130 hivi (megapaskali ni kipimo cha mkazo ambao kitu hustahimili kabla ya kuvunjika), ndiyo maana inachongeka. Ndani ya tanuri fuwele zake hukua na kusukana, nguvu ikapanda hadi 360 au zaidi. Kazi hii ya kupiga picha, kuchonga na kuvisha kwa siku moja si ngeni: mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi.

Ninachokikumbuka zaidi siku ile ni gundi. Daktari alilizungushia jino shuka la mpira ili tone la mate lisifike. Ndani ya kofia akapaka asidi ya haidrofloriki kwa sekunde 20, akasuuza, akakausha, na uso wa ndani ukageuka mweupe kama chaki. Akapaka sileni, kimiminika kinachoiunganisha seramiki na simenti. Akapaka dawa nyingine kwenye jino lenyewe. Ndipo akaweka simenti na kuibana kofia mahali pake. Taya liliniuma kwa kufungua mdomo muda wote ule, na nilipofika nyumbani nililalamika kwamba kugandisha kumechukua muda mrefu kuliko kuchonga. Leo namshukuru kwa kila dakika.

La pili nilifanyiwa kwenye kliniki nyingine, baada ya kuhama. Nilitaka zirkonia kwa sababu nasaga meno usingizini, na kwa nguvu tupu haina mpinzani kati ya seramiki za meno: aina yake ngumu hufika megapaskali 1,000. Huchongwa ikiwa bado laini kama chaki, na huchongwa kubwa kuliko inavyotakiwa kwa kama sehemu moja kwa nne au tano, kwa sababu ikipikwa kwa nyuzi 1,500 husinyaa. Ina tabia moja inayonistaajabisha mpaka leo. Ufa ukianza ndani yake, fuwele zilizo kwenye ncha ya ufa hubadili umbo na kuvimba kidogo, zikaubana ule ufa usiendelee.

Siku ya kuvisha, kofia ilijaribishwa, ikafutwa kwa pamba, ikatiwa simenti, ikabanwa. Nikawa nje upesi, na nikafurahi.

Ilitoka asubuhi moja nikipitisha uzi wa kusafishia meno. Nilihisi kitu kinacheza, kisha kikawa juu ya ulimi, kizito kuliko nilivyotarajia. Nikakisogeza dirishani nikitafuta nyufa. Hakukuwa na ufa hata mmoja. Ndani palikuwa safi, panang'aa kama kikombe kilichooshwa. Simenti yote ilikuwa imebaki kwenye kisiki.

Daktari wa tatu alipoona hivyo hakuhitaji maelezo mengi. "Simenti imelishika jino, kofia ndiyo haikushikwa," alisema. Zirkonia haina kioo ndani yake, kwa hiyo ile asidi iliyofanya kazi kwenye kofia yangu ya kwanza haiikwaruzi. Inabidi upande wa ndani upigwe chembe laini za alumina kwa hewa ya kasi, kisha upakwe kiunganishi chenye fosfati inayoishika zirkonia. Na mate nayo yana fosfati. Kofia ikishajaribishwa mdomoni, fosfati za mate hukalia nafasi ambazo kiunganishi kilipaswa kukalia, na kuifuta kwa pamba hakuziondoi. Juu ya hayo, kisiki changu kilikuwa kifupi na kimechongwa kwa mteremko kama koni, kwa hiyo mzigo wote uliiangukia gundi.

Aliirudisha kofia ileile, mara hii kwa hatua zote. Imekaa zaidi ya miaka minne bila kutikisika.

Baadaye nilisoma mapitio ya tafiti nyingi yaliyotoka mwaka 2015 kuhusu kofia za jino moja moja. Baada ya miaka mitano, kofia za seramiki ya kioo kama ile yangu ya samawati zilikuwa zimebaki karibu 97 kati ya 100. Za zirkonia zilikuwa 92. Nyingi za zirkonia wakati huo zilipakwa tabaka la kauri juu, na tabaka hilo lilimeguka mara kwa mara, lakini kulegea na kutoka nako kulikuwa miongoni mwa lawama zake. Mtu akinunua kwa kuangalia megapaskali peke yake, kama nilivyofanya, anaangalia kitu ambacho mara nyingi si ndicho kinachoshindwa.

Kuna jambo jingine nililijua kwa maumivu. Kofia ya pili iliwekwa juu kidogo, na kwa siku tatu kila nilipouma gego zima lilipiga kelele. Waliipunguza kwa kuniumisha karatasi ya rangi na kusaga palipotia doa, lakini hawakupalainisha. Yule daktari wa tatu alipapitisha kidole cha chuma akasikia mkwaruzo. Zirkonia iliyong'arishwa vizuri hailidhuru jino linaloumana nayo. Iliyoachwa na ukwaru hulipiga tupa usiku kucha, hasa kwa msagaji kama mimi. Alipang'arisha kwa raba za aina tatu, na akanitengenezea kinga ya plastiki ngumu ya kulalia. Naivaa kila usiku.

Mwezi uliopita alinipiga picha upya kinywa kizima. Nilikuwa nimempelekea faili la kofia ya kwanza, maana kliniki ile ililihifadhi miaka yote hii, na akalilaza juu ya picha mpya kwenye skrini. Karibu kote palikuwa kijani, yaani hapajabadilika. Kwenye kilele kimoja tu, upande wa shavu, palikuwa na doa la manjano dogo kuliko punje ya mchele. Kisha akashuka kwenye ule mstari wa ufizini, akapitisha ncha ya chombo chake kuuzunguka wote, polepole, na ncha haikukwama popote.