Saxon-HE ndani ya Tomcat: nyota nne kati ya tano

Mfumo wetu wa ankara huhifadhi kila kitu kwa XML, na mteja hupokea HTML iliyokwisha kuandaliwa kwenye Tomcat, seva ya programu za wavuti za Java. Kichakataji cha XSLT (lugha ya kugeuza XML kuwa muundo mwingine, kama HTML) kinachokuja na Java yenyewe kinaifanya kazi hiyo bila gharama, ila kimeishia toleo 1.0, la mwaka 1999. Ukitaka kupanga ankara kwa makundi ya wateja unazunguka na funguo (xsl:key) na generate-id(), hadi aliyeuandika msimbo akiurudia anajiuliza alikuwa anawaza nini. Saxon-HE, kichakataji cha bure cha Michael Kay na Saxonica, kampuni aliyoianzisha, ina for-each-group, amri ya kupanga kwa makundi moja kwa moja. Hilo pekee lilitosha kunihamisha.

Kuifunga ni rahisi: weka jar zake (mafaili ya maktaba ya Java) kwenye folda ya WEB-INF/lib. Ila usiiachie Java ikuchagulie kichakataji, maana maktaba nyingine inaweza kuja na chake. Itaje waziwazi:

TransformerFactory.newInstance("net.sf.saxon.TransformerFactoryImpl", null)

Kisha kompaili faili la XSLT mara moja tu, programu inapoanza, na utunze Templates inayopatikana, yaani XSLT iliyokwisha kompailiwa. Hiyo hutumiwa na maombi mengi kwa pamoja bila shida; Transformer, inayofanya ugeuzaji wenyewe, haishirikiwi, kila ombi lipate yake. Nimeona mradi ambao faili lilikuwa linasomwa upya kwa kila ombi, halafu watu wanailaumu XSLT kuwa nzito. Huko ni kuinjika sufuria upya kwa kila sahani ya wali!

Kinachosumbua wengi ni xsl:import, amri ya kuingiza faili jingine la XSLT. Ukisoma faili kwa getResourceAsStream bila kuipa StreamSource systemId (anwani ya faili), kichakataji hakijui faili lilipo, kwa hiyo import zenye anwani fupi zinagoma. Ipe anwani inayotoka kwenye getResource(). Matokeo nayo yaelekeze kwenye getOutputStream() ya jibu la seva. Ukitumia getWriter(), encoding (usimbaji wa herufi) uliyoandika kwenye xsl:output haina kauli tena. Na kama XML inatoka kwa watu wa nje, washa FEATURE_SECURE_PROCESSING, swichi ya usalama, na kwenye kisomaji chenyewe cha XML funga DTD (kanuni za muundo wa XML) za nje.

Nyota niliyoikata: toleo hili la bure haliruhusu kuita mbinu za Java moja kwa moja kutoka ndani ya XSLT. Lazima uandike ExtensionFunctionDefinition (darasa la Java linaloeleza mbinu yako) na kuisajili, kazi isiyo na raha hata kidogo, au ulipie PE, toleo la kulipia. Kuchakata XML kwa mkondo, bila kuijaza yote kwenye kumbukumbu, ni kwa wenye EE, toleo la kulipia la juu zaidi. Kwa ankara zetu sijali. Mwenye mafaili ya gigabaiti apige hesabu zake mapema.