Kipima betri chenye shanti kwenye gari-nyumba: uzoefu wangu

Magari-nyumba mengi hutoka kiwandani na kibao kidogo ukutani chenye taa za betri: nyekundu moja, ya njano moja, za kijani mbili. Unabonyeza kitufe, taa zote zinawaka, unajua betri imejaa. Ukiwasha friji na pampu ya maji kisha ukabonyeza tena, zimebaki mbili. Zima kila kitu, ya tatu inarudi. Nimetumia kibao cha namna hiyo kwa muda mrefu, na shida yake ni kwamba kinapima volti tu, na volti za betri iliyo kazini hazikuambii imebaki na umeme kiasi gani. Kipima betri chenye shanti kinapima kitu kingine kabisa, yaani umeme unaoingia na kutoka kwenye betri, na tangu nilipokifunga nimeacha kubahatisha.

Gari-nyumba huwa na betri za aina mbili. Ya kwanza ni ya kuwashia injini: bamba zake za risasi ni nyembamba na nyingi, kwa sababu kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha alteneta, jenereta inayozungushwa na injini, inairudishia. Ya pili ni ya matumizi ya ndani, taa, friji, pampu, feni, kuchaji simu, na bamba zake ni nene ili ivumilie kutolewa umeme polepole usiku kucha. Hii ya pili ndiyo inayokufa mapema kwa watu wengi, na ndiyo niliyoifungia kipima.

Kwa nini volti hazitoshi? Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, husoma kama 12.7. Ikiwa nusu husoma karibu 12.2. Ikishuka chini ya 12 imekwisha kwa matumizi yote ya maana. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inataka betri ipumzike, na mtu anayeishi ndani ya gari haipumzishi betri yake. Friji inawaka na kuzima yenyewe, jua linaingia na kutoka mawinguni. Betri iliyo nusu tupu inaweza kusoma 14.4 kwa sababu tu chaja iko kazini.

Shanti haijali hayo. Ni vipande viwili vizito vya metali vilivyounganishwa kwa mabamba membamba, na umeme wote wa betri unapita humo. Yangu imeandikwa ampea 500 na milivolti 50, maana yake zikipita ampea 500, kati ya upande mmoja na mwingine kunakuwa na tofauti ya milivolti 50. Kwa hiyo ampea moja inaacha tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milivolti, na kifaa kinaisoma. Kisha kinazidisha ampea kwa muda: ampea 5 kwa saa 2 ni ampea-saa 10 zimetoka. Ni sawa na daftari la duka, kila kinachoingia kinaandikwa na kila kinachotoka kinaandikwa.

Kufunga si kazi ngumu, lakini inataka utulivu. Kanuni ni moja: ncha hasi ya betri ibaki na waya mmoja tu, ule unaokwenda kwenye shanti. Nilipofungua kisanduku cha betri nilikuta nyaya nne kwenye ncha ile: mmoja mnene wa matumizi, mmoja wa kwenda kwenye bodi ya gari, mmoja wa chaja ya umeme wa nje, na mwembamba uliojificha chini ya vumbi ambao niliufuata kwa mkono hadi kwenye kidhibiti cha sola. Zote nne zikahamia upande wa pili wa shanti. Huo mwembamba ungebaki mahali pake, umeme wa jua ungeingia kwenye betri bila kuhesabiwa, na kipima kingesema chaji inashuka huku betri inajaa. Baada ya kufunga nilifunika paneli kwa blanketi nikaangalia namba. Ampea zilishuka pale pale, na nilipofunua zikapanda. Jaribio hilo ni rahisi na linakuhakikishia kwamba sola inapita inapopaswa kupita. Lirudie kwa chaja ya umeme wa nje na kwa alteneta.

Kabla ya kushika spana, zima matumizi yote na chaja, kisha tenganisha paneli na kidhibiti cha sola kwanza, maana vidhibiti vingi havitakiwi kubaki na paneli vikiwa havina betri. Halafu fungua ncha hasi kabla ya chanya. Sababu ni kwamba bodi ya gari imeunganishwa na hasi: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umepiga shoti ya betri nzima mkononi mwako. Ukishatoa hasi, spana ikigusa bodi hakitokei kitu. Kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Waya mwembamba wa chanya unaokipa kifaa umeme wake huja na fyuzi yake ndogo, usiukate ili kuufupisha ukaitupa fyuzi.

Sasa mipangilio. Hapa ndipo kifaa hulaumiwa bure, kwa sababu kikitoka kwenye boksi hakijui betri yako ni ya ukubwa gani wala ni ya aina gani. Ukubwa unasoma kwenye lebo. Ya pili ni volti zinazohesabiwa kuwa betri imejaa: weka chini kidogo ya volti ambazo chaja yako inafikia, kwa mfano 14.2 kama chaja inafika 14.4. Ukiweka chini sana, jua kali la asubuhi litapandisha volti kwa muda na kifaa kitaandika asilimia 100 wakati betri ina njaa. Ya tatu ni ampea za mwisho. Betri ya risasi inapokaribia kujaa hukataa umeme yenyewe, ampea zinapungua taratibu, na zikifika karibu asilimia 4 ya ukubwa wake, yaani ampea 4 kwa betri ya 100, huku volti ziko juu kwa dakika kadhaa, kifaa kinajua imejaa na kinaanza hesabu upya. Hii hesabu mpya ni ya lazima. Makosa madogo ya kuhesabu hujilimbikiza, na gari linalokaa kivulini wiki nzima bila betri kujaa litakuwa na asilimia zisizoaminika.

Kuna na kipeo cha Peukert, namba inayoonyesha betri inapoteza kiasi gani ikitolewa umeme kwa kasi, ambacho wengi hukiruka. Ukubwa ulioandikwa kwenye betri ya risasi kwa kawaida ni wa saa 20: betri ya ampea-saa 100 inatoa ampea 5 kwa saa 20. Ukiitaka itoe ampea 50 haitadumu saa 2. Mjerumani Wilhelm Peukert aliweka kanuni ya jambo hili mwaka 1897, na kwa kipeo cha 1.25 hesabu yake inatoa saa moja na dakika chache tu. Kwa betri ya lithiamu kipeo ni kama 1.05, hasara ni ndogo. Ukiacha kipeo cha risasi kwenye betri ya lithiamu, kifaa kitakutisha bila sababu kila unapotumia vitu vizito.

Faida yenyewe niliiona usiku wa kwanza. Nilizima kila nilichokijua, taa, friji, redio, nikasoma skrini: ampea 1.3 zinatoka. Nikaizima inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ambayo haikuwa na kitu chochote kilichochomekwa, namba ikashuka hadi 0.2, na hizo ni za king'ora cha gesi na kibao cha ukutani. Yaani inveta iliyokaa bure ilikuwa inakula zaidi ya ampea moja. Kwa siku nzima ni zaidi ya ampea-saa 24. Betri ya risasi ya 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una ampea-saa 50 za kutumia, na karibu nusu yake ilikuwa inapotelea kwenye inveta inayowasha kijitaa chake cha kijani kabatini. Kibao cha taa nne kisingenionyesha hilo kamwe.

Baada ya hapo nikawasha kimoja kimoja. Pampu ya maji inavuta ampea nyingi lakini kwa sekunde chache, kwa hiyo si adui. Taa za LED ni kidogo mno. Hita ya dizeli inakula karibu ampea 10 inapojiwasha kwa sababu ya plagi ya kupasha moto, na baada ya dakika chache inatulia kwenye ampea moja hivi. Ukiizima na kuiwasha mara kwa mara unapoteza kuliko ukiiacha polepole. Friji ya kompresa ilinipa ampea 4 ikiwa inaunguruma na sifuri ikinyamaza. Zile friji za gesi zinazokubali pia volti 12 ni habari nyingine, zinavuta zaidi ya ampea 10 mfululizo, na upande huo wa volti 12 umekusudiwa injini ikiwa inawaka. Birika la umeme la wati 1000 kupitia inveta ni zaidi ya ampea 90. Ukiiona namba hiyo mara moja kwenye skrini, unarudi kwenye jiko la gesi kwa hiari yako.

Upande wa kuchaji nao ulikuwa na siri zake. Safarini nilitarajia alteneta iijaze betri ya ndani, lakini ampea zilikuwa chache mno kwa betri iliyokuwa nusu. Sababu ilikuwa waya. Shaba ya milimita za mraba 10, mita 5 kwenda na 5 kurudi, ikipitisha ampea 30 inapoteza karibu nusu volti njiani. Alteneta inatoa 14.2, betri inapokea 13.7, na kwa 13.7 betri ya risasi hujaa kwa kujivuta. Kwenye magari ya siku hizi tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa kompyuta ya gari inashusha volti za alteneta ikiona betri ya injini imetosheka, na rilei ya kawaida, swichi inayounganisha betri mbili injini ikiwaka, haina la kufanya. Dawa ni chaja inayochukua umeme wa alteneta na kuupandisha hadi volti ambazo betri ya ndani inazihitaji. Niliifunga, na ampea nikaziona zimetulia juu kwa safari nzima.

Kuhusu sola, jambo moja tu: seli za paneli zimefungwa kwa mfululizo, kwa hiyo kivuli kidogo kinaumiza kuliko ukubwa wake. Kivuli cha kifuniko cha feni ya paani kilitosha kuporomosha ampea zangu. Niliposogeza gari hatua chache zikarudi. Ila kumbuka kwamba shanti inaonyesha tofauti ya kinachoingia na kinachotoka. Skrini ikisoma ampea 1 huku friji inakula 4, paneli inatoa 5.

Udhaifu wake ninaouona ni mmoja mkubwa. Kifaa hakijui betri inazeeka. Betri ya risasi iliyoachwa mara kwa mara bila kujaa hujenga chembe ngumu za salfeti kwenye bamba zake, na ukubwa wake unapungua mwaka hadi mwaka, lakini kipima kinaendelea kuamini namba uliyokiandikia. Ninachofanya ni kulinganisha: asubuhi, inveta na friji zikiwa zimezimwa kwa muda na jua halijapanda, nasoma asilimia na volti pamoja. Kipima kikisema asilimia 75 na volti ni 12.1, betri imepungua, na napunguza ukubwa kwenye mipangilio hadi viwili hivyo vikubaliane. Kwa betri ya maji, wakati huohuo naangalia maji yake na kuongeza yaliyokenekwa (distilled), si ya bomba, na kugusa vibano vya waya baada ya matumizi mazito. Kibano chenye joto kimelegea au kina kutu.

Kwa wenye lithiamu, aina ya chuma na fosfati inayotumika kwenye magari haya, naona kifaa hiki ni cha lazima. Volti zake hukaa karibu 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari kutoka kujaa hadi kukaribia kwisha, na taa za ukutani zitakuonyesha imejaa mpaka sakiti ya ulinzi iliyo ndani ya betri ikate umeme ghafla usiku. Baadhi ya vipima huja na kihisi cha joto, na hapo kinafaa sana, kwa sababu lithiamu haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, risasi inavumilia.

Anayelala kila siku kwenye kambi yenye umeme wa kuchomeka hana haja nacho kubwa, chaja nzuri inamtosha. Anayelala porini, kabla ya kununua paneli ya pili au betri kubwa zaidi, aanze na hiki, maana huenda anachokosa ni kuzima inveta tu. Kuna matoleo yanayosomwa kwa simu pekee na yenye skrini ya ukutani. Nimechagua la skrini, kwa sababu watu wote waliomo ndani ya gari wanaiona namba bila kuomba simu ya mtu, na tayari watoto wanazima taa wakiona chini ya asilimia 60. Pima tu umbali kutoka kwenye shanti hadi mahali unapotaka skrini kabla ya kununua, maana waya unaokuja nayo una urefu wake.