Kozi ya YouTube ya siku mbili, Sinza: nyota 2 kati ya 5

Nimelipa 80,000 zangu kwa simu, bila punguzo, kwa hiyo sijatumwa na mtu. Nina chaneli ya mapishi ya Kitanga yenye wafuasi 740, na shida yangu ilikuwa moja: nitafikaje 1,000?

Jumamosi asubuhi nilifurahi kweli. Mwalimu alirekodi sentensi ileile mara mbili kwa simu moja: kwanza feni ikizunguka, kisha feni imezimwa na maiki ndogo ya waya imebanwa kwenye kola. Basi! Siku hizi kwenye video zangu unasikia kitunguu kinavyolia kwenye mafuta, husikii feni. Hesabu pia alizipanga vizuri: wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo uanze kugawana pesa za matangazo, na kwenye video ndefu wewe unabaki na asilimia 55. Chai ya maziwa ilikuwepo, maandazi ya moto. Nyota mbili zake ni hizo.

Baada ya chakula cha mchana somo likawa "kukuza chaneli". Kumbe ni kikao cha kumchamba mwenzake, ambaye zamani walichangia kodi ya studio. Alitutolea kwenye projekta meseji za faragha za huyo mtu, anaomba asubiriwe mpaka mwisho wa mwezi, na darasa likacheka. Kisha tukaambiwa tutoe simu, wote 14, turipoti video zake kwamba zimeibwa. Straiki tatu, yaani maonyo matatu ya hakimiliki, ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa. Hilo alilieleza kwa raha zote.

Asichokieleza ni kwamba anayelalamika anathibitisha kisheria kuwa anasema kweli, na akidanganya akaunti yake mwenyewe iko hatarini. Nalijua hilo kwa sababu mwaka jana mtu alidai video yangu ya kaimati ni yake. Nilikata rufaa, mlalamikaji anapewa siku 10 za kazi kuonyesha amefungua kesi, hakuonyesha, video ikarudi. Imerudi Idi imeshapita. Mwenye chaneli ya futari anajua Ramadhani nzima bila video yako kubwa maana yake nini.

Nikanyoosha mkono nikauliza, na sisi tumeibiwa nini? "Dada'angu, biashara ni vita." Nikamwambia, kaka, mimi nimefuata maiki.

Jumapili usiku nilitolewa kwenye grupu la WhatsApp kabla hata sijapata yale maelezo ya kuandika vichwa vya video tuliyoahidiwa. Niliomba nusu ya hela. Tiki za bluu mbili, kimya. Jumanne akapandisha video ya "mapandikizi darasani", na kwenye picha ya jalada ni mgongo wangu, gauni la njano.

Ukiweza kulipia Jumamosi asubuhi tu, lipa, uondoke kabla ya wali.

Na yule hasimu wake? Naye alinitafuta. Anataka kunifundisha bure, ila kwanza nikae mbele ya kamera nisimulie yaliyotokea Sinza. Nilimjibu nina samaki wa kupaka jikoni.